Nyama ya Moshi ya Karamu: Hesabu Huanzia Katika Sahani



Mwezi huu hatutasema habari za mbolea wala za kuogesha ng'ombe. Somo letu ni la jikoni, lakini ni somo la shamba vilevile, kwa sababu ng'ombe anayechinjwa kwa karamu hutoka zizini mwako, na fedha inayonunua nyama buchani ni ile ile ambayo ingalinunua mbegu. Katika kazi yangu ya ukarani naandika madaftari ya mifugo, na mara nyingi nimeandika "ameuzwa, sababu matanga" au "amechinjwa, arusi" mbele ya namba ya mtamba mzuri ambaye angalitoa maziwa mwaka uliofuata. Sisemi watu wasifanye karamu. Nasema kwamba wengine huchinja bila kupima wakapoteza mali, na wengine hununua bila kupima wakapata aibu.

Mimi ni mmoja wa hao wa pili, na yafaa nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu, aliyeolewa upande wa Malaba, alifanya ukumbusho wa mumewe. Akaniita akasema, "Mwanangu, wewe ulisomea ualimu na sasa washika kalamu ya serikali. Nihesabie nyama." Walitazamiwa watu wazima 150. Nilijua kwamba mtu mzima akipewa gramu 100 za nyama iliyokwisha kupikwa, pamoja na mchuzi mzito wa karanga, mboga na ugali, huinuka ameridhika. Basi nikazidisha: 150 mara gramu 100 ni kilo 15. Nikaenda buchani, nikanunua kilo 15, mifupa ikiwa ndani yake. Mifupa tukaitoa ya supu, mnofu ukawekwa juu ya uchaga ili upate moshi.

Palikuwa na mama mmoja mpishi, mtu mzima asiyejua kusoma. Aliitazama ile nyama iliyotandazwa, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "hii ni ya kuonja?" Nikamjibu kwa heshima kwamba hesabu imekwisha kufanywa.

Siku ya tatu tulipoishusha nyama, niliipima. Haikufika kilo 4. Tuliporowesha na kuipika ikapata kilo 6 tu, na watu walikuwa 150, mbali na watoto ambao sikuwahesabu kabisa. Gawanya mwenyewe: ni gramu 40 kwa mtu, kipande kama ncha ya kidole gumba. Wakwe walipakuliwa kwanza kama ilivyo desturi, na wale waliokuja kutoka ng'ambo wakafika saa nane wakakuta mchuzi. Shangazi hakunigombeza. Alituma vijana wakakamata kuku wake 11 wa mayai, wale aliokuwa akiuza mayai yao ili kumlipia mtoto karo, wakachinjwa mchana ule ule.

Sasa angalia kosa lilikuwa wapi. Gramu 100 ni kipimo cha sahani. Buchani mizani hupima kitu kingine. Nilichukua namba ya mwisho nikaitumia mahali pa kwanza. Mtu anayetaka nyama ya moshi imtoshe hana budi kuanza katika sahani, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka buchani au zizini, na kila hatua aongeze kile kitakachopotea njiani.

Nyama hupotea namna gani? Kwanza ni mifupa. Katika kilo 4 za nyama yenye mifupa, kilo moja hivi ni mfupa, hubaki mnofu kilo 3. Pili ni maji. Mnofu mbichi ni maji zaidi ya kitu kingine chochote: katika kila kilo 4 za mnofu, kilo 3 hivi ni maji. Moshi na joto la moto huyafukuza maji hayo, na mafuta kidogo hudondoka motoni. Kwa hiyo zile kilo 3 za mnofu zikikaushwa mpaka zikawa ngumu, hubaki kilo moja. Tatu, nyama hiyo ikiroweshwa na kuchemshwa hunywa maji tena, lakini hairudi ilivyokuwa. Kwa vipimo nilivyofanya baada ya aibu ile, kilo moja iliyo ngumu hutoa kilo moja na gramu 600 iliyopikwa. Hiyo ni sahani 16 za gramu 100.

Shika basi mfuatano huu, maana ndio somo zima: kilo 4 zenye mifupa, mnofu kilo 3, nyama ngumu ya moshi kilo 1, sahani 16. Ukigawanya kilo 4 kwa sahani 16 utaona kwamba kila sahani inahitaji robo kilo ya nyama yenye mifupa. Robo kilo kwa sahani ni kanuni rahisi ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuitumia. Wazee wanaopenda bado kuhesabu kwa ratili wakumbuke kwamba ratili moja ni gramu 450 na kidogo, yaani ratili moja hupungukiwa kidogo kufikia sahani mbili.

Hapo pana mtego mmoja. Nyama ya moshi si ya namna moja. Wengine huitoa ingali laini ndani, imebadilika rangi tu na kushika harufu. Hiyo imepoteza nusu ya uzito wake, wala si theluthi mbili. Kilo yake moja hutoa sahani 11 hivi, si 16. Mtu akikuuzia nyama ya moshi sokoni kwa kilo, ibonyeze kwa kidole na uikunje. Ikiwa inabonyea, unanunua maji kwa bei ya nyama, tena nyama hiyo haiwekeki: ipikwe siku ile au kesho yake. Iliyokauka sawasawa haibonyei, na ukiikunja hupasuka nyuzi.

Sasa tuje kwenye kuhesabu watu, ambako makosa ni mengi kuliko kwenye kuhesabu nyama.

Arusi ina kadi, matanga hayana kadi. Hapa kwetu Busia na Malaba kuna jambo jingine ambalo watu wa bara kwingine hawalijui. Mpaka umepita katikati ya koo. Wateso wa Malaba wana ndugu upande wa Tororo, na Wasamia wa Funyula wana ndugu ng'ambo ya mto Sio. Habari ya msiba haisimami mpakani kuonyesha kitambulisho. Tangu marais wa Kenya na Uganda wazindue kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, Februari 2018, msafiri humaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja, na mgeni ambaye zamani angefika kesho hufika leo kabla ya chakula. Kwa arusi yenye kadi mimi huongeza mtu mmoja kwa kila kumi. Kwa matanga na ukumbusho huongeza robo nzima, na kama marehemu alikuwa mtu wa kanisa, au wa chama, au mwalimu wa watoto wa watu, huongeza theluthi.

Watoto wawili wahesabiwe sahani moja. Lakini kijana wa miaka 14 si mtoto mbele ya ugali. Mhesabu mtu mzima. Wapishi, wachota maji na wachanja kuni ni watu pia, nao hula kwanza, kwa sababu anayepika hana budi kuonja. Ukiwaacha nje ya hesabu watajihesabu wenyewe. Tena kuna nyama ya wakwe ya kufungiwa kwenda nayo nyumbani. Hiyo isitolewe katika nyama ya sahani. Itengwe mapema, ipimwe peke yake, na mwenye nyumba aijue.

Tufanye hesabu ya shangazi upya, kama ilivyopasa kufanywa. Watu wazima ni 150. Watoto tuseme 60, ambao ni sahani 30. Jumla sahani 180. Ongeza robo kwa ajili ya wasioalikwa, ambayo ni 45, zinakuwa sahani 225. Kila sahani gramu 100, basi nyama iliyopikwa ni kilo 22 na nusu. Kilo moja ngumu hutoa kilo 1.6, kwa hiyo nyama ngumu ni kilo 14 na kidogo. Mara tatu, mnofu ni kilo 42. Ongeza mifupa, ni kilo 56. Ukitumia kanuni ya robo kilo, 225 gawanya kwa 4, utapata 56 na robo. Njia mbili zimekutana. Na mimi nilikuwa nimenunua 15!

Vyakula vingine vifuate idadi ile ile ya sahani. Gorogoro moja ya unga, kilo 2, hutosha watu wazima 10, ukiwa ni unga wa mahindi au ule wa muhogo uliochanganywa na wimbi, ambao Wateso husongea atap. Kwa sahani 225 utahitaji gorogoro 22 au 23. Karanga zilizosagwa, kilo moja kwa sahani 25, yaani kilo 9. Usibane karanga. Mchuzi mzito ndio unaoifanya nyama kidogo ionekane nyingi, na kusema kweli nyama ya moshi bila karanga ni mti mkavu. Ila karanga zenye kuvu au zilizosinyaa na kubadilika rangi zitupwe kabisa, maana sumu ya kuvu haitoki kwa kupikwa.

Je, uchinje au ununue? Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 220 akiwa hai hutoa mzoga wa kilo 100 hivi, au zaidi kidogo akiwa amenona. Kama huna mizani kubwa, tumia mkanda wa kupimia kifua. Mwulize afisa wa mifugo. Karamu yetu ya sahani 225 yahitaji kilo 56. Basi fahali huyo mmoja atakuwa amezidi karibu mara mbili. Nimeona watu wakichinja fahali wawili kwa karamu ya namna hii, kwa sababu jirani alichinja wawili, na siku ya tatu mbwa wakashiba. Maji hayarudi kisimani. Ni afadhali watu wawili wenye karamu zinazokaribiana wachange fahali mmoja, au uchinje mmoja na nusu ya mzoga umuuzie mwenye bucha kwa makubaliano yaliyofanywa kabla ya kisu kutolewa, si baada yake. Matumbo, kichwa na miguu usiviingize katika hesabu ya sahani. Hivyo ni chakula cha wachinjaji na majirani siku ile ile.

Ninyi mlio katika mashamba ya mpango huko Lugari, ambako wazee walianza kugawiwa ardhi chini ya Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962, wengi mna karamu zenu nyumbani Busia na si huko mnakolima. Kwenu moshi una faida ya pili. Mnofu wa kilo 42 ni mzigo wa kuharibika njiani, lakini ukikauka ni kilo 14, mzigo wa kapu moja. Uende na cheti cha mkaguzi wa nyama, ili usije ukasimamishwa barabarani nyama ikashikwa na karamu ikakungoja.

Kukausha kwenyewe nitakueleza kwa kifupi, maana akina mama wengi wanajua kuliko mimi. Chinja Jumatano kama karamu ni Jumamosi. Kata mnofu kwa kufuata nyuzi, vipande virefu visivyozidi unene wa kidole gumba. Kipande kinene hukauka nje na kuoza ndani. Paka chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kilo. Panga juu ya uchaga ulio kama mita moja kutoka motoni, vipande visigusane. Saa za kwanza moto uwe na joto la kutosha ili nyama ikauke juu upesi na nzi wasitage, kisha uupunguze ubaki moshi. Kuni za mpera ni nzuri. Usitumie paini wala saiprasi, hutia uchungu, na kamwe usitumie mbao zilizopakwa rangi au dawa. Geuza asubuhi na jioni. Ikiisha kukauka iache ipoe, kisha iweke katika kapu mahali penye hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikufaa nyama, kwa sababu hutoa jasho ndani na kuvu huota. Siku ya kupika, irowe katika maji ya vuguvugu muda wa saa moja, mwaga maji hayo, kisha chemsha mpaka ilainike kabla ya kutia karanga.

Lakini kuna jambo moja ambalo sitalipita kwa kifupi. Usikaushe nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Mtu akiona ng'ombe amekufa ghafula, hasa damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, huyo huenda ana kimeta. Asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Watu husema, "Moshi utaua." Moshi hauui kimeta, na kuchemsha kwa jikoni hakutegemewi, kwa maana vijidudu vyake hujifunika gamba gumu na kuishi ardhini miaka mingi. Anayechuna huugua mikono, anayekula huugua tumbo, na wote wawili waweza kufa. Mwite afisa wa mifugo mara moja. Karamu ya matanga isizae matanga mengine.

Vilevile mnyama mzima wa kuchinja akaguliwe na mkaguzi wa nyama. Na usidanganywe na bei nafuu ya ng'ambo. Kilo ni kilo pande zote mbili za daraja la Malaba, lakini shilingi si moja, na nyama haivuki mpaka bila cheti cha afya kwa sababu ya magonjwa kama ya miguu na midomo. Ukiisha kulipa, ukabadili fedha, ukapoteza siku nzima, nyama ikachukuliwa, unafuu u wapi?

Neno la mwisho ni kwa wale wanaowapa kazi wapishi wa kulipwa. Siku hizi vikundi vya akina mama hupika karamu kwa mapatano, na hufanya kazi nzuri. Lakini mapatano mengi husema "nyama ya watu 200" tu, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Andikeni katika karatasi: kilo ngapi, ni zenye mifupa, ni mnofu, au ni ngumu iliyokwisha kukauka, nani analeta kuni, mifupa ni ya nani. Pimeni mbele ya watu wawili nyama inapoingia moshini na inapotoka. Mpishi mwaminifu hatachukia, kwa sababu mizani humlinda yeye pia. Kilo 42 zikirudi kilo 14, asiyejua somo hili atasema ameibiwa kilo 28.

Vipimo vyangu navyo usivichukue kama amri. Ng'ombe mnono, kuni, upepo na ukubwa wa moto hubadili mambo. Juma moja kabla ya karamu, nunua mnofu kilo 3 tu, ukaushe kwa uchaga wako mwenyewe, upime, upike, upime tena. Andika namba tatu hizo katika daftari. Zikitofautiana na zangu, fuata zako. Yule mama mpishi wa Malaba hakuhitaji daftari, kwa kuwa ameziweka machoni miaka 40. Nilimwendea baadaye kumwomba radhi, naye akacheka akaniuliza shule ile ya ualimu ilikuwa ya miaka mingapi.

Maswali ya kujipima

1. Mkulima wa mpunga wa Bunyala ana arusi yenye kadi. Anatazamia watu wazima 80 na watoto 40. Anunue nyama yenye mifupa kilo ngapi?

2. Mwenye bucha ana mnofu mtupu. Kwa arusi hiyo hiyo, anunue mnofu kilo ngapi?

3. Mama ana nyama ngumu ya moshi kilo 5 kapuni. Itatosha sahani ngapi?

4. Una fahali mmoja wa kilo 240 na mtamba mmoja mwenye mimba. Una matanga ya sahani 225. Utachinja nani, na mabaki utayafanya nini?

Majibu: la kwanza, kilo 27 na nusu. La pili, kilo 20 na gramu 600 hivi. La tatu, sahani 80. La nne lijadilini nyumbani, baba na mama wakiwapo wote wawili, kabla wageni hawajaanza kufika.